Utepe wa Nne wa Taa ya Bluu

Mgeni rasmi, sisi wauguzi wa wodi ya watoto wachanga tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mara tatu zilizopita tulikukaribisha hivihivi, ila hukufika.

HISTORIA
Zamani mtoto mwenye manjano tulimlaza dirishani apate jua. Mvua ikinyesha tulibaki kumtazama, na tulijua kwamba manjano yakizidi hudhuru ubongo. Tuliogopa sana. Ndipo wafadhili wakatuletea taa hii ya bluu, ambayo mwanga wake huondoa manjano hata bila jua. Katibu wa hospitali akaifunga utepe mwekundu, akasema, "Asiiguse mtu mpaka mgeni rasmi aizindue."

MAFANIKIO
Kiongozi wetu, tunayemwita Dada Mkuu, si mbishi. Alingoja siku mbili nzima. Siku ya tatu tukaletewa mtoto wa njano mpaka nyayoni. Dada Mkuu akachukua mkasi. "Mgeni ana dharura zake," akasema, "na huyu ana yake."

Leo mtoto huyo ananyonya mpaka mama yake analalamika. Wengine kumi wamemfuata. Kila ujio wako ulipotangazwa tulifunga utepe mpya, kwa hiyo utakaoukata leo ni wa nne. Katibu ameanza kututolea macho. Tunaomba utuombee radhi kwake.

CHANGAMOTO
Kwa heshima yako, wodi imepakwa rangi. Wamechagua njano. Sasa kila mtoto anaonekana mgonjwa, na hata Katibu akiingia tunamshuku. Inabidi tuwatoe watoto barazani ndipo tuwachunguze.

MAOMBI
Kwanza, rangi nyeupe. Pili, taa nyingine, maana hii moja watoto wanaipangia foleni.

Tatu, na hili halingoji. Nyuma ya pazia hilo taa inawaka tangu asubuhi. Chini yake amelala binti wa mfagizi wetu, ana siku tatu, macho yamefunikwa vizuri, na Dada Mkuu yuko naye. Baba yake ndiye yule mlangoni, kashika ufagio lakini hafagii.

Ratiba inasema utabonyeza swichi ili taa iwake. Mgeni rasmi, ukiibonyeza itazimika. Tafadhali kata utepe, sogeza kidole karibu na swichi, kisha tabasamu. Makofi tuachie sisi.

Mungu akupe afya na maisha marefu, na kwa dakika tano zijazo akushikie huo mkono.

Ni sisi wakosaji wako,
Wauguzi wa Wodi ya Watoto Wachanga.