Shujaa Asiye na Ngamia

Kabla lori halijaiacha Garissa nyuma, Weris, muuza vitambaa aliyekaa juu ya magunia ya sukari, alikuwa ameshazijua sifa zote za jirani yake. Golicha, mwanafunzi atokaye Nairobi, alikuwa akimsimulia mzee mmoja mfugaji mchezo wa kompyuta anaocheza na watu wa ng'ambo kwa laini ya simu.

"Shujaa wangu alianza na fimbo tu, akiua panya. Ukiua, unapanda daraja. Juzi nimefika la hamsini! Nina upanga, ngao, koti la chuma. Nimeua joka!"

Weris aliitazama mikono myembamba ya kijana huyo.

"Mashallah," akasema mzee. "Na ana ngamia ngapi?"

"Hana, mzee. Mchezo hauna ngamia."

"Hamsini, na hana ngamia! Siku aliyozaliwa hakupewa hata ndama jike? Hata nyinyi Waborana mnampa mtoto mnyama wa kitovu, wa kuanzia mifugo yake."

"Hana baba. Nimemtengeneza mimi."

"Basi baba ni wewe, na umemnyima."

Golicha alibisha hadi koo likamkauka: joka ni joka! Mzee hakutikisika. Lori liliposimama Wajir, alishuka, akapaza sauti hadi soko zima likageuka.

"Huyo shujaa wako nimempa ndama jike! Aje achukue!"

"Hawezi kutoka kwenye kompyuta, mzee!"

"Basi wallahi hamsini haijatosha. Mwambie apande daraja moja tena!"