Cucu Sophie na Laini za Pegi Nyeupe

Wapendwa wote mmefika hapa Wamagana leo, asanteni kwa kupanda hii mlima yetu na viatu zenu za Jumapili. Mkiingia kwa geti, upande wa kushoto, mmepita shamba ndogo ya mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda ya kijani. Laini zingine ziko na pegi nyekundu na zimenona vizuri. Zingine ziko na pegi nyeupe na, tuseme tu ukweli, zinakaa vibaya. Tafadhali msizihurumie. Zitavunwa Jumatatu, na mtu akiziwekea hata ngumi moja ya mbolea kabla ya hiyo siku, kazi ya mwisho ya Cucu, nyanya yetu Dr. Sophie Kabura Gicheru, itakuwa imeharibika. Kuna mama mmoja jana alionekana huko na karai. Hatutaji jina, Mungu anamjua. Sikilizeni haya maisha yake mpaka mwisho na mtaelewa.

Cucu Sophie alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa hapa Tetu, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Waweru na marehemu Watiri. Chakula ilikuwa ngumu hiyo miaka, na mama yake alikuwa anapika sana thabai, ile majani ya kuwasha, kwa sababu inamea yenyewe bila kuombwa. Maji ya kuoshea thabai alikuwa anamwaga nyuma ya jikoni, kwa mmea mmoja wa malenge. Sophie akiwa mdogo tu akaona hiyo malenge imeshinda zingine zote.

"Maitu, mbona hii imenona hivi?"

"Mungu ameipenda."

"Na ile ingine imemkosea nini?"

Mama yake alicheka mpaka akaweka chini mwiko. Lakini Cucu hakuwa anacheka. Hiyo swali alitembea nayo maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini, akaenda sekondari ya wasichana huko Nyeri, halafu Chuo Kikuu cha Nairobi, akamaliza digrii ya kilimo mwaka wa 1980. Masters alifanya akiwa na mtoto mgongoni. Udaktari alipata 1996. Siku alirudi nyumbani na hiyo jina, wamama wa kijiji wakaanza kumletea watoto wako na kikohozi. Alikuwa anawakaribisha, anawapatia chai, anawaambia, "Mimi ni daktari wa mboga, lakini huyu mtoto mpeleke kliniki leo, si kesho." Wengi walikuwa wanaenda kliniki kwa sababu yeye ndiye alisema.

Kazi alianza 1981 kwa kituo cha risachi pale Mwea. Mwea nzima ni mchele, na yeye amekuja na mbegu ya mishiri! Walimcheka. Mwenye alicheka sana alikuwa mwenzake, Bwana Jackton Wandera kutoka Busia, yule mzee ameketi pale mbele na kofia ya kijivu. Cucu alikuwa ameloweka thabai ndani ya drum wiki nzima, ioze, ndiyo achuje anyunyizie mimea.

"Sophie," Jackton akamwambia, "hii kitu yako inanuka kama kuna mtu amekufa na hajaambiwa."

"Mishiri haina pua, Jackton. Shika keni ya kunyunyizia."

Na akashika. Wakafanya kazi pamoja mpaka wakastaafu, Mwea na baadaye Nanyuki.

Huko Nanyuki ndiko Cucu aliona kitu ilimuuma. Wakulima walikuwa wanalima mishiri ya kuuza ng'ambo, wanaamka na baridi ya mlima, wanachuma, wanapanga kwa kreti. Halafu mnunuzi anakuja, anainua moja, anasema, "Hii imepinda. Ikipinda, ndege haipandi." Kreti nzima inarudi nyumbani kulishwa ng'ombe. Cucu akaamua atatafuta njia mishiri imee imenyooka, ikae bila kulegea, na mkulima mdogo asinunue dawa ya bei kali. Alikuwa anavunja mishiri karibu na sikio asikie vile inalia. Alifanya hivyo sokoni, kwa harusi za watu, hata siku moja kanisani wakati wa kutoa shukrani ya mavuno. Pasta alinyamaza. Cucu akasema, "Endelea tu, hii iko sawa."

Aliolewa na Guka, babu yetu Mwalimu Gicheru Mutahi, tarehe 18 Agosti 1984. Lakini kabla ya harusi kulikuwa na ruracio, siku ya kuongea mahari, na drum ingine ya thabai ilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Wazee wa kina Gicheru wameketi, mazungumzo imeiva, upepo ukageuka. Mzee mmoja akauliza polepole, "Hapa kuna ng'ombe imekufa?" Msichana mwingine angejificha. Cucu alienda akachota kikombe, akaleta mbele ya wazee, akaanza kuwafundisha. Guka husema, "Nilijua ni huyu, kwa sababu wazee walikuwa wameziba pua na bado wanauliza maswali."

Sasa tufike kwa pegi nyeupe.

Mwaka wa 1989 Cucu alipanda risachi yake hapa nyumbani. Pegi nyekundu zilinyunyiziwa maji ya thabai. Pegi nyeupe zilinyunyiziwa maji ya kawaida tu, ndiyo mtu alinganishe. Akaenda Mwea kazini. Watu wakipita kwa barabara wanasema, "Ati bibi ya mwalimu amesoma mpaka akasahau kulima." Mama mkwe wake, marehemu Wamucii, aliyasikia hayo maneno na akaumia. Akabeba samadi na majivu, akalisha laini zote za pegi nyeupe, akazipalilia zikang'aa. Cucu aliporudi, Wamucii alimngoja kwa geti kama mtu ako na zawadi.

"Umeona, Kabura? Zimepona zote!"

Cucu alizunguka shamba, akarudi. Msimu wote ulikuwa umeenda.

"Maitu, hizo nilitaka zikae hivyo."

"Zikae na njaa? Kwa hii boma hakuna mtoto analala njaa akiona mwenzake anakula. Mimi sikulea watu hivyo."

"Ni kweli, Maitu. Lakini hii yenye haikukula ndiyo itaniambia kama chakula ni nzuri. Nikilisha wote, nani atasema ukweli?"

Wamucii akaangalia zile laini. Halafu akaanza kulia, na Cucu akamshika mkono, akamwambia, "Tutapanda tena. Lakini wewe ndiye utachunga zile nyeupe." Na akazichunga kabisa! Mtu akikaribia na mbolea, alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni, "Wacha hiyo! Hiyo haijalala njaa, iko kazini!" Hiyo ndiyo maneno ya hii boma mpaka leo.

Cucu alistaafu 2017, lakini drum haikustaafu. Hii risachi ya mwisho ilikuwa ya misimu mitatu, aonyeshe mishiri ya thabai inanyooka na inakaa kwa kreti bila kulegea, ndiyo wakulima wa hapa Tetu na Nanyuki wafundishwe. Misimu miwili imepita vizuri. Huu ndio wa tatu.

Moyo wake ulianza kusumbua Novemba mwaka jana. Alilazwa Nyeri, akatoka, akalazwa tena. Mtu akienda kumwona na uji, swali ya kwanza ilikuwa, "Zile nyeupe, kuna mtu amezihurumia?" Guka anamwambia hakuna. Hapo ndiyo anakunywa. Alituacha Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja asubuhi, Guka akiwa amemshika mkono.

Kesho yake asubuhi, binti yake Wendy alimkuta Guka shambani, amesimama kwa laini ya pegi nyeupe na keni ya thabai mkononi.

"Baba, unafanya nini?"

"Naziangalia tu."

"Na hiyo keni?"

"Zimekaa kama mayatima, Wendy. Mama yangu alizilisha mwaka ile, na akasamehewa. Mimi leo nikizilisha, nani atanisamehe?"

Akageuka, akarudisha maji yote kwa drum, akafunika.

Kwa hivyo Jumatatu Bwana Jackton atavuna, laini kwa laini, na matokeo yatasomwa kanisani. Nyekundu zikishinda, tutasema. Na nyeupe zikishinda, tutasema hivyo hivyo kwa sauti, kwa sababu Cucu hakuwahi kutafuta kushinda. Alikuwa anatafuta kujua ile malenge ingine ilikosea nini.

Amemwacha mume wake Mwalimu Gicheru, watoto wake Moffat Mutahi, Wendy Wamucii na Waweru, dada yake Nduta, wajukuu wenye wanajua kunusa thabai kutoka mbali, na wakulima wengi sana wenye kreti zao hazirudi tena nyumbani.

Pumzika na amani ya Mungu, Cucu. Nyeupe bado ziko kazini, na hakuna mtu amezihurumia.