Picha ya Marehemu Mhasibu

Macho hayana pazia, na masikio ya fundi cherehani ndiyo kabisa. Ndani ya basi aliwategea sikio wawili wa kiti cha mbele, waliotoka kumzika mhasibu.

"Dunia nzima aliizunguka, na bado alikuwa mtu wa familia," alisema mwanamume aliyefanya kazi na marehemu. "Meza yake ilijaa picha za wanawe."

"Shemeji yangu yule!" alidakia mwanamke. "Sisi tumepekua albamu zote, hayumo. Tumekuza picha ya pasipoti ndiyo tukaiweka juu ya jeneza."

Fundi akauma mdomo; msiba wa watu hauchekwi.

"Lakini mkewe alimpenda, dada."

"Mno! Jeneza linashuka kaburini, yeye kwa mazoea akaliambia, 'Ukifika, piga simu.'"

"Kwani alikuwa akipiga?"

Basi likasimama. Mwanamke akachukua mkoba wake, akashuka.