Barua ya Mwalimu Ottomar Wehlau

Ndugu waombolezaji, mimi ni Reinhold, mwokaji mikate, mdogo wake marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake.

Mwalimu Ottomar Wehlau alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1821, Tangermünde, mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akasoma shule ya kanisa hapo hapo, kisha sekondari Stendal, na mwaka 1841 akaingia Chuo Kikuu cha Halle kusoma hisabati, akiishi kwa viazi na chumvi. Mwaka 1846 aliajiriwa kufundisha hapa Salzwedel, na tarehe 3 Mei 1849 alifunga ndoa na shemeji yetu Adelheid, wakajaliwa watoto watatu, Bertram, Luise, na Konrad aliyetutoka kwa surua akiwa na miaka minne.

Kwa miaka tisa, kila alipomaliza kusahihisha madaftari, alishughulikia kanuni moja ya namba tasa, ikachapishwa mwaka 1861, na chuo kikuu kimoja kikamwita awe profesa. Wiki mbili kabla ya kuhama, masanduku yakiwa yameshafungwa, aligundua kosa katika ukurasa wa nne, ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

Nilikuwepo jikoni kwao. Nilimwambia, "Kaka, nyamaza tu, nani atajua?"

Akanijibu, "Mimi najua, Reinhold. Nitasimamaje mbele ya wanafunzi?"

Shemeji alilia, kisha akamsogezea wino. "Basi andika, baba Bertram, kabla sijakuzuia."

Barua ya kukiri kosa ikaenda chuo kikuu, nafasi akapewa mwingine, wapo waliomcheka hapa mjini, nami nilimnunia mwaka mzima, jambo ninaloliungama leo mbele ya jeneza lake. Yeye alirudi darasani Jumatatu, akaliandika kosa lile ubaoni, akasema, "Haya, nionyesheni nilipopotea."

Novemba iliyopita aliugua mapafu. Januari, Luise, ambaye sekondari hakupokelewa kwa kuwa ni msichana, alimsomea kitandani njia ya kulivuka kosa lile, si kwa namba zote, ila kwa nyingi. Baba yake alimrudisha mwanzo mara tatu, kisha akasema, "Ni sahihi, mwanangu. Andika jina lako, langu liache."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 1879, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na saba.

Tunamshukuru Daktari Hasselbring, majirani mlioleta supu na kuni, na walimu wenzake mlioshika vipindi vyake.

Kaka, kazi umeimaliza, lala kwa amani.