Gari la Asuman Lilivyochelewa Kufika Mia

Pale Bwera, malori yanaposubiri kuvuka mpaka kwenda Kongo, kuna benchi la mbao na birika la kahawa la Asmah, na kila mtu wa benchi hilo ana lake la kusema. Asubuhi hiyo Asmah alikuwa amerudi kutoka kliniki Kasese na mwanawe Nasif, wamebebwa bure na Asuman katika gari lake jipya, jeusi aina ya jeep, la ukubwa wa kati, alilolileta kutoka Kampala. Njiani, kwenye barabara iliyonyooka ya mbugani, Asuman alilipima linavyochanganya mwendo, kutoka kusimama mpaka kilomita mia kwa saa, Shakib wa benchi akiwa kiti cha mbele na saa ya simu. Matokeo hayakupendeza. Na Haji Ssali, anayetafuta gari na dereva wa kubeba wageni wa Mweya, hoteli ya mbugani, alikuwa anakuja. Benchi lilikwisha kumwambia kwamba gari hilo linaruka.

— Sekunde makumi mbili na mbili, Shakib akasema. Hata lori ya saruji inashinda hiyo.

— Ni mafuta, akasema Kambale, fundi wa baiskeli wanayemwita Injinia. Mafuta ya huku inachoka mu njia.

— Inachoka namna gani? akauliza Shakib. Iko na miguu?

— Ni mlima, akasema Afande Baluku, mwanajeshi mstaafu. Ndani ya Rwenzori kuko chuma. Inavuta gari nyuma. Hata bunduki yangu ilikuwa inavutwa.

— Afande, akasema Shakib, bunduki ilikuwa nzito sababu ulikuwa unakimbia.

— Wewe, kunywa kahawa.

— Basi ni ikweta, akasema Injinia. Gari ikifika pale, injini haijui tena iko upande gani ya dunia.

Asuman alimalizia kikombe chake. Asmah alijua sababu ya gari kuchelewa. Gari liliposhika kasi ghafla, Nasif, aliyekuwa na maumivu ya sindano, aliteleza kutoka magotini mwa mamake. Asuman akamwona kwenye kioo, akaachia mguu kwenye pedali ya mafuta. Shakib alikuwa ameikodolea simu macho, hakuona kitu. Asmah akafungua mdomo, lakini Asuman akamtikisia kichwa. Hakutaka mtu aseme mama na mtoto ndio walioharibu.

Haji Ssali akafika, akasalimia, akaketi.

— Nasikia iko mbio.

— Sekunde makumi mbili na mbili, Haji, Shakib akasema kwa sauti ndogo.

— Sawa. Lakini wageni wangu wanakuja na watoto, na kule tembo anavuka akitaka. Kusimama je? Mulipima?

Shakib akaangalia simu. Afande akaangalia mlima. Injinia akaomba sukari.

— Haji, Asmah akasema, mie sijui sekunde. Nilikuwa nyuma na huyu. Aliteleza, Asuman akamuona mu kioo, akapunguza polepole. Ndiyo maana gari ilichelewa. Mutoto akalala tena palepale.

Haji akainama kumtazama Nasif, aliyelala mdomo wazi mgongoni mwa mamake.

— Na bado analala?

— Bado.

— Asuman, kesho uwe Mweya mapema. Na gari.

Benchi likaanza kudai kwamba lilijua tangu mwanzo. Asmah akainamisha birika juu ya kikombe cha Asuman. Halikuwa na kitu tena. Akachukua kikombe chake mwenyewe, ambacho hakuwa amekigusa, akakimimina chote humo.