Severina Alute, Mama wa Nyuma ya Gwaride

Marehemu Severina Alute alizaliwa tarehe 3 Mei 1962 huko Mwankoko, Singida, mtoto wa tatu wa mzee Alute na mama Maria. Mimi ni mume wake, Paskali. Kalamu siijui. Nimesema, binti yetu Hana ameandika. Watu wa mafunzo ya mgambo walituletea wasifu wao jana, unasema marehemu "aliugua ghafla akiwa mazoezini." Nimeurudisha. Wasifu wake ni huu.

Alisoma hapo hapo Mwankoko, akamaliza darasa la saba mwaka 1977. Hesabu alizipenda. Baba yake alikuwa na ng'ombe, hakuona sababu ya kumpeleka mbele. Marehemu hakumnung'unikia, ila watoto wetu hakuna aliyethubutu kumwambia leo siendi shule.

Mwaka 1984 alijitolea mgambo, akahitimu. Wasichana walikuwa wawili tu.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Julai 1985, tukahamia hapa Mkiwa. Tulilima alizeti na vitunguu, naye akauza kuku pale njia panda. Mwaka ule wa kwanza alinisimamisha uani, jembe begani, anifundishe kwata. Akasema nyuma geuka, nikageukia upande, mpini ukaangusha sufuria ya uji. Jirani yetu Antipasi alikuwa anachungulia.

"Paskali, umeoa au umeandikishwa?"

Marehemu akamjibu kabla yangu. "Ameandikishwa, shemeji. Na likizo hana."

Basi nimekaa humo miaka yote hii, na likizo sikuitaka.

Wasichana walipoanza kujiandikisha mgambo kwa wingi, wazazi walikataa waende porini bila mama mtu mzima. Marehemu akajitolea tena. Nafasi yake ilikuwa nyuma ya gwaride, na ndoo ya maji. Sheria ya gwaride ni kwamba mwenzako akianguka wewe hugeuki. Macho mbele. Anayemwokota ni mtu wa nyuma. Marehemu ndiye aliyewafundisha vijana wetu hivyo, na walimtii, kwa sababu nyuma alikuwepo yeye.

Sasa nasema alivyokufa. Presha alikuwa nayo, sifichi. Dawa alimeza asubuhi ile mbele yangu. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, siku ya mazoezi ya nje. Walitembea mpaka kule kwenye mawe na kurudi uwandani, jua la Septemba mnalijua. Kuruta mmoja, Catherine, aliishiwa nguvu. Marehemu akampa maji kabla amri haijatoka. Mkufunzi aliyeletwa siku hiyo akawasimamisha wote juani kwa adhabu. Haya yanayofuata kanieleza Catherine mwenyewe, na wenzake wamesema ni hivyo hivyo.

Mkufunzi alisema, "Mama, wewe ndiye unawadekeza. Ingia mstarini na wewe."

Marehemu akauliza, "Nikiingia mimi, afande, nyuma anabaki nani?"

"Nyuma nitaangalia mwenyewe."

Akaingia. Angeweza kubeba ndoo yake akarudi nyumbani, mama wa miaka sitini na miwili, nani angemshika. Lakini alikuwa amewafundisha watoto wale kutii amri, hakutaka wamwone anakataa. Mkufunzi akaenda kivulini kuongea na simu.

Marehemu akaanguka. Catherine alikuwa ubavuni kwake. Anasema alisikia kishindo, akasubiri mtu wa nyuma aje. Wote walisubiri. Walitazama mbele kama walivyofundishwa, na mtu wa nyuma ndiye aliyekuwa chini. Mkufunzi alipomaliza simu yake akaona, akasema anajifanya, mwacheni atainuka. Hakuinuka. Catherine ndiye aliyevunja mstari, amri haikuwepo. Walimbeba kwenye pikipiki, akakata roho njiani.

Hiyo ndiyo "aliugua ghafla."

Watoto wa mgambo wamekuja kwangu wakilia, wanasema babu tusamehe. Nimewaambia sina kesi na ninyi. Mliambiwa nyuma pana mtu. Kesi yangu ni kwa aliyesema ataangalia mwenyewe. Ametuma watu waniombe aje aongoze gwaride la heshima kaburini. Nimekataa. Kuzika aje kama watu wote, ashike koleo, hakuna atakayemfukuza. Amri hapa hatoi.

Jeneza watalibeba vijana wale wale, wasichana kwa wavulana. Hawatapangwa. Atakayechoka aseme, mwingine apokee. Atakayetaka kugeuka amtazame mama yake, ageuke.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Hana, Godfrey na Scholastika, wajukuu saba, na dada yake Selina wa Mandewa. Ameacha pia swali alilouliza akiwa mzima, nyuma anabaki nani. Aliyejibu yupo hai. Nataka ajibu tena, safari hii mbele ya wakubwa zake, na sisi tukiwepo. Nimeshakwenda kwao mara ya kwanza. Tukitoka makaburini nitakwenda tena.

Mungu ampumzishe Severina. Yeye kazi yake ameimaliza. Mimi bado.