Mwalimu Kokushubira na Wanawake Walioketi Barazani Kanoni

Mama yetu, Mwalimu Laurensia Kokushubira, alizaliwa tarehe 9 Mei 1939 huko Kanoni, binti wa Mzee Ndyamukama, karani wa gombolola, yaani baraza la tarafa. Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1959, akafundisha Kituntu hadi alipostaafu mwaka 1992. Hakuamini jibu mpaka umwonyeshe ulivyolipata. Hata mtoto akisema "nimeshakula", alimnusa vidole kwanza.

Mwaka 1962 alifunga ndoa na Bwana Projest Rwegoshora.

Mwaka 1978 alianza kukusanya habari za wanawake wa Kanoni, ambao mwaka 1957 waliketi siku tatu mbele ya baraza mpaka mjane Nyirabageni, mzaliwa wa Rwanda, akarudishiwa kibanja chake cha migomba. Vita vilizuka mwaka uleule, na kila muulizaji akaonekana mpelelezi. Mgambo walikaa na madaftari yake wiki mbili. Vita vikaisha, lakini mabibi wale waliendelea kunyamaza kila alipoingia. Naye akaingiwa na shaka: wanaficha nini?

Mwaka 1983 alipata jalada la zamani. Lilisema wanawake "walitawanyika wenyewe", na kibanja kilirudishwa kwa huruma ya wakubwa. Mwandiko aliutambua. Akaenda kwa baba yake.

"Shikamoo, baba. Haya ni kweli?"

"Marahaba. Niliandika nilichoamriwa. Walichapwa, na mmoja mimba ikatoka. Yaache hayo, mwanangu."

Hakuyaacha. Alimsomea Nyirabageni jalada lote, pamoja na jina la karani. Bibi alimkazia macho.

"Kumbe! Tulidhani baba yako anakutuma uchungulie kama bado tunakumbuka."

Ndipo akasimulia, na wenzake kumi na mmoja wakafuata. Upande wa babu hawakumsamehe. Babu alipozikwa mwaka 1986, mama hakuitwa kuweka udongo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1995. Alifariki nyumbani tarehe 14 Machi 1997. Hata sisi wanawe alitushuku: "Mtamsafisha babu yenu. Msichapishe wasifu wangu kabla Nyirabageni hajausikia."

Jana tulimsomea. Alitukatiza mara moja tu.

"Huyo wa mimba ana jina. Aliitwa Eustadia. Liandikeni."

Tumeliandika.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, Renatha, Anatolia, Xaveri na Kemigisha, na wajukuu tisa. Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.